Binti Watano Mlangoni pa Hema

Neno la mwezi: Hesabu 27:1–11



Mwezi huu tunalo neno kwa akina mama wenye binti wengi, na kwa waume zao, na kwa wainjilisti wafundishao watoto wa kipaimara. Asomaye na afungue kwanza kitabu cha Hesabu, mlango wa 27, asome polepole aya kumi na moja za mwanzo, kisha arudi hapa.

Wana wa Israeli walikuwa wamefika karibu na Yordani. Watu walikuwa wamekwisha kuhesabiwa, maana nchi ya ahadi ilikuwa karibu kugawanywa, nayo ilikuwa igawanywe kwa majina ya wanaume waliohesabiwa. Basi katika kabila la Manase alikuwako mtu jina lake Selofehadi, aliyekufa jangwani bila kuacha mtoto mume. Aliacha binti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Kwa hesabu ya wanadamu nyumba yake ilikuwa imekwisha. Lakini binti wale walikwenda wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na Eleazari kuhani, na mbele ya wakuu na mkutano wote. Wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu tu hakuwa na mwana, wakaomba wapewe milki kati ya ndugu za baba yao. Musa hakuwafukuza, wala hakuwajibu kwa akili yake mwenyewe, alimwuliza Mungu. Naye Mungu akamjibu ya kuwa wasemalo ni haki, akaamuru wapewe urithi. Tena shauri lao likawa sheria kwa Israeli yote.

Sasa tuangalie jambo moja ambalo msomaji hulipita upesi. Maandiko yametaja jina la baba, na la babu, na majina ya binti wote, moja moja. Mama yao hakutajwa. Walakini binti watano hawawezi kusimama vile kwa ghafula. Walijua habari za baba yao. Walikiri kwamba alikufa kwa dhambi yake mwenyewe, na pia ya kwamba hakuwamo katika uasi wa Kora. Walijua jinsi nchi itakavyogawanywa. Walisema neno moja wote watano, wala hatusomi ya kuwa waligombana nani awe wa mbele. Mambo hayo hayafundishwi siku moja. Hufundishwa nyumbani, kidogo kidogo, penye mafiga na penye kitanda. Mtu aliyewalea hivyo Mungu anamjua, hata kama kitabu hakimtaji.

Ndiyo maana neno hili linawafaa akina mama wa kwetu. Tuutazame mji wa Babati, ulio kati ya Mlima Kwaraa na ziwa lenye viboko. Tangu 2002, Mkoa wa Manyara ulipotengwa na Mkoa wa Arusha, mji huu ndio makao makuu ya mkoa. Barabara ya Arusha hugawanyika hapa, moja kwenda Singida na moja kwenda Dodoma kupitia Kondoa. Kwa hiyo humo wamo Wagorowa, na Wairaqw, na Warangi, na Wabarbaig, na wengine wengi walioletwa na kazi na biashara. Sasa fikirini mama mmoja wa mji huo mwenye binti wanne. Huamka giza bado, huwasha moto, hupika uji. Sare ya shule ya mkubwa imekwisha kupunguzwa ili imfae wa pili, na ya wa pili inamngoja wa tatu. Kitanda ni kimoja na blanketi ni moja, na kila asubuhi pana kesi ya nani alilivuta. Mkubwa humsuka mdogo nywele. Wa tatu hukumbushwa mara tatu ndoo ya maji. Kukipambazuka mama huyo hubeba mbaazi au mchele wa Magugu kwenda sokoni, na moyo wake hubaki njiani pamoja na watoto, maana njia ya shule ni ndefu, na mwenye pikipiki hukaa kona akiwapa lifti wasiyoiomba. Jioni huwahesabu wanaporudi. Mmoja akichelewa, chakula hakimpiti kooni.

Juu ya taabu hizo zote huongezwa neno la majirani. Humwuliza, “Mama, je, bado hujapata mtoto?” nao wanawaona wanne uani. Ndugu za mume humwambia ya kuwa binti ni mgeni katika nyumba ya baba yake, amelelewa kwa ajili ya nyumba ya watu wengine. Na mume, akiisha kusikia hayo kilabuni mara nyingi, huanza kuyasema mwenyewe. Mwanamke huyo huenda kanisani, akaimba, akapokea Meza ya Bwana, kisha akarudi nyumbani akiamini moyoni kwamba Mungu amempa pungufu. Basi neno la Mungu lamwambia nini? Lamwambia mambo manne.

La kwanza: awahesabu binti zake kama Mungu anavyowahesabu. Wanadamu walimhesabia Selofehadi sifuri. Mungu alimhesabia watano, akaandika kila mmoja kwa jina lake. Mtoto wa kike aletwapo kwenye ubatizo, mchungaji hatii maji nusu. Jina lake huandikwa katika kitabu cha usharika katika mstari mzima, kama jina la kaka yake. Mtume Paulo awafundisha Wagalatia ya kuwa waliobatizwa wote wamemvaa Kristo, wala katika kumvaa huko mwanamume hana vazi refu kuliko mwanamke. Tena Wairaqw tangu kale humwita Mungu Looaa, na jina hilo katika lugha yao lina jinsi ya kike. Naye nabii Isaya, katika mlango wake wa 66, amfananisha Mungu na mama amtulizaye mtoto wake. Hatusemi Mungu ni mwanamke, wala hatusemi ni mwanamume. Mungu ni Roho. Lakini aliyekubali kufananishwa na mama hawezi kumwona mtoto wa kike kuwa ni zawadi ya daraja la pili. Martin Luther na mkewe Katharina walizaa watoto sita, na watatu kati yao walikuwa binti. Elisabeth alikufa 1528 hajatimiza mwaka, na Magdalena alikufa 1542 mwenye umri wa miaka 13. Baba huyo aliwalilia, wala hakuna aliyemwambia ya kuwa hakupoteza kitu.

La pili: asiwatoe binti zake kwa kisu wala kwa bei. Someni katika Waamuzi mlango wa 11 habari za Yefta, aliyeponywa na Mungu vitani, kisha akamtoa binti yake pekee kwa ajili ya kiapo ambacho Mungu hakukitaka. Kwetu wapo wazazi wafanyao kama Yefta: kiapo chao ni desturi, nao hufikiri ya kuwa kuivunja desturi ni vibaya kuliko kumwumiza mtoto. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa 2004 na 2005 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Manyara wanawake 81 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2015 na 2016 ulionyesha 58. Ule wa 2022 ulionyesha 43. Twamshukuru Mungu kwa kupungua huko. Lakini 43 si neno dogo: ni karibu nusu ya akina mama wanaoketi katika viti vya kanisa. Sheria ya 1998 ilikataza mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18 asikeketwe, na mzazi au mlezi akihukumiwa kwa kosa hilo aweza kufungwa hata miaka 15. Kwa kuwaogopa wakuu wa serikali, wengine wameacha ngoma na sherehe, wakaenda kumkata mtoto mchanga usiku, asiyeweza hata kusema. Wengine husingizia ugonjwa wauitao lawalawa, hali ugonjwa wa njia ya mkojo watibiwa kwa dawa za hospitali. Mama Mkristo, kisu hicho hakimsafishi mtu. Humletea kutokwa na damu, na maumivu, na shida siku ya kujifungua. Aliyesafishwa kwa ubatizo ni safi, wala hapana ngariba awezaye kuongeza neno juu ya kazi ya Kristo.

Na bei? Lea na Rahel, katika Mwanzo 31, walilalamika ya kwamba baba yao Labani aliwafanya kama wageni, akawauza, kisha akaila fedha yao. Basi malalamiko ya binti waliouzwa yamo katika Kitabu kitakatifu, na Mungu ameyahifadhi tuyasome. Mahari iliyo ishara ya heshima kati ya nyumba mbili si dhambi. Lakini baba anayehesabu ng'ombe kabla binti hajamaliza darasa, huyo ni Labani. Katika 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18 vilikuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha neno hilo 2019. Mwaka ule ule wa 2016 sheria ya elimu iliongezwa kifungu, kwamba mwenye kumwoa mwanafunzi au kumtia mimba aweza kufungwa miaka 30. Ni aibu kwetu ikiwa hakimu amemlinda binti wa Kikristo kabla mzee wa kanisa hajamlinda.

La tatu: awafundishe. Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Luther, katika 1520, aliandika kuwaomba wakuu wa nchi yake ya Ujerumani ya kuwa kila mji uwe na shule ya wasichana, wafundishwe Injili kila siku. Na katika 1524 aliwaandikia tena madiwani wa miji juu ya shule za wavulana na wasichana. Kanisa letu basi si geni katika jambo hili. Lakini mafundisho ya mama hayaanzi shuleni. Mama awafundishe binti zake kusema kweli mbele ya mtu mkubwa bila kutukana na bila kutetemeka, kama wale watano mbele ya Musa. Awafundishe kukataa kwa sauti, na kusema nyumbani mtu akiwagusa vibaya, hata akiwa mjomba, hata akiwa mwalimu. Naye mama asiwanyamazishe wasemapo. Awaeleze mapema habari za miili yao, na siku za mwezi, na vitambaa vya kutumia, wasije wakafundishwa na yule wa pikipiki. Awafundishe kupatana, maana dada wanne wakikaa pamoja ni ukuta, na wakichongeana kila mmoja atachukuliwa peke yake. Wala asisahau kuwafundisha wavulana, kama anao, kuchota maji na kuosha vyombo. Mvulana ahudumiwaye na dada zake tangu asubuhi hata jioni atakuwa mume wa namna gani? Loisi na Eunike walimlea Timotheo katika imani, nao walikuwa bibi na mama. Na Filipo, yule mhubiri wa Kaisaria, alikuwa na binti wanne waliotoa unabii, kama tusomavyo katika Matendo 21. Idadi yao ni ile ile ya binti za mama wetu wa Babati. Nani ajuaye Mungu atawafanyia kazi gani hawa wake?

La nne ni urithi, na hapa ndipo wengi hushindwa. Baba akifa, siku ya arobaini haijafika, ndugu zake huja kupima shamba kwa hatua. Humwambia mjane: wewe huna mwana, na binti wataolewa. Katika kanuni za desturi zilizoandikwa na serikali 1963, binti aliwekwa daraja la tatu katika urithi, nyuma ya mwana mkubwa na nyuma ya wana wengine. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yasema ya kuwa mwanamke anayo haki ya kupata ardhi, na kuimiliki, na kuitumia, sawasawa na mwanamume. Na desturi inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Hata kabla yake, katika 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mpwa wake akadai ya kuwa mwanamke hawezi kuuza shamba la ukoo. Jaji Mwalusanya alitamka kwamba mwanamke anayo haki ile ile aliyo nayo mwanamume. Ndivyo Mungu alivyokwisha kumwambia Musa. Naye Ayubu, alipobarikiwa tena, aliwapa binti zake watatu urithi kati ya ndugu zao wanaume, wala hatusomi ya kuwa kuna aliyemlazimisha.

Kumbukeni tena kanuni ya Katekisimo Ndogo mliyoijifunza kwa moyo. Katika maelezo ya amri ya tisa Luther hakusema habari za mwizi wa usiku. Alisema habari za mtu anayeutafuta urithi au nyumba ya jirani yake kwa hila, kisha akaifunika hila hiyo kwa sura ya haki. Je, huyu si yule baba mdogo ajaye na karatasi aliyoiandika mwenyewe, akimtaka mjane mwenye machozi aweke dole gumba? Anaisema desturi, anaisema heshima ya ukoo, na shamba linakwenda. Kanisa lisiogope kumwita kwa jina ambalo Katekisimo imempa.

Walakini tusidhani ya kuwa haki iliyoandikwa hujileta yenyewe. Binti za Selofehadi walipata neno la Mungu kinywani mwa Musa. Lakini someni Hesabu 36, wakuu wa ukoo walikuja na shaka zao, likahitajika shauri jingine. Kisha someni Yoshua 17. Musa amekwisha kufa, Yordani imekwisha kuvukwa, nchi inagawanywa, na binti wale wanasimama mara ya pili, mbele ya Eleazari na Yoshua, kukumbusha waliloahidiwa. Ndipo wakapewa. Basi baba aliye hai leo na aandike wosia, mbele ya mashahidi, aweke ndani yake jina la kila binti. Mume na mke wenye shamba kijijini waombe hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yao wawili. Ndoa na iandikishwe, na cheti kiwekwe mahali ambapo mke anapajua. Kazi hii ni ya siku chache, nayo huzuia machozi ya miaka mingi.

Lakini sasa, mama msomaji, huenda umeyasoma haya manne ukaona moyo wako unazidi kuwa mzito. Pengine binti yako mkubwa alikatwa nawe ulikuwapo, kwa maana hukujua njia nyingine. Pengine wa pili ameacha shule ana mtoto mgongoni. Pengine shamba limekwisha kwenda. Sheria ya Mungu imekwisha kusema. Sasa isikilize Injili. Hukuhesabiwa haki kwa kuzaa wana, wala hutahesabiwa haki kwa kuwalea binti bila kosa. Sisi sote tulikuwa kama nyumba ya Selofehadi: baba yetu Adamu alikufa kwa dhambi yake, nasi hatukuwa na fungu katika nchi ya ahadi. Ndipo Mwana wa pekee wa Mungu, ambaye urithi wote ni wake, akafa nje ya mji, akatugawia urithi wake. Hakuuliza aliyekuja ni mwana au ni binti. Asubuhi ya ufufuo, wa kwanza kutumwa kuupeleka ujumbe walikuwa wanawake. Kwake hapana atakayeambiwa ya kuwa fungu lake limekwisha kuliwa na wajomba.

Kwa hiyo simama tena. Yule aliyekatwa, usiruhusu wadogo zake wakatwe. Yule mwenye mtoto mgongoni, mrudishe shuleni. Serikali ilifungua mlango huo Novemba 2021, wala kanisa lisiufunge kwa masengenyo. Aliyenyang'anywa shamba aende kwa mchungaji na kwa wazee, nao waende pamoja naye barazani, asiende peke yake. Binti wale mbele ya Musa walikuwa watano. Mtu mmoja angaliweza kufukuzwa.

Nanyi wainjilisti, mnapofundisha majina ya Biblia, msifundishe tu majina ya wana kumi na wawili wa Yakobo. Wafundisheni watoto wa kipaimara majina haya matano, wavulana kwa wasichana, hata wayajue kama wajuavyo jina la mtaa wao. Nanyi wazee wa usharika, mwendapo kuandaa maziko ya baba wa nyumba, ulizeni habari za wosia kabla wageni hawajatawanyika. Nanyi akina baba, msingoje kufa ndipo binti zenu waende mlangoni kuomba haki. Mwandikieni kila mmoja fungu lake mkiwa hai, mkae mezani pamoja nao kwa furaha.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, wewe uliyewasikia binti watano jangwani, wasikie na binti zetu leo. Wapumzishe mama zao waliochoka. Uzuie kisu, uifunge mikono ya wenye kununua, uwape waamuzi wetu na wazee wetu moyo wa Musa wa kukuuliza wewe kabla ya kujibu. Nasi sote, wana kwa binti, utuweke katika urithi ule ambao Mwana wako ametupatia kwa damu yake. Amina.